Marc Zinga, mtoto wa Likasi mwenye sura nyingi

Mwenye kuigiza mtu mbaya katika mchezo wa redio anajua kazi hiyo inamfuata mpaka sokoni. Akiigiza vibaya, hakuna mwenye kumkumbuka. Akiigiza vizuri, siku ya soko pale Bulambika watu wanamwangalia kwa jicho lingine, na mama muuza mihogo anamuuliza: "Wewe njo ule mwenye kupiga bibi yake?" Watu wanacheka, lakini nusu ya lile swali si mchezo. Kwa ule aliyeigiza mwenye silaha, mambo ni magumu zaidi, sababu hapa kwetu silaha si hadithi. Kuna vijana wazuri katika vikundi vya teatre wenye kukataa kabisa nafasi ya mwanajeshi au ya mulozi. Wanasema: "Batanizania ni miye."

Ju ya ile hofu njo tunataka kueleza leo kazi ya mtu mmoja ambaye wengi wetu tumeona sura yake bila kujua jina lake. Anaitwa Marc Zinga. Alizaliwa Likasi, Katanga, mwaka 1984, akakulia Ubelgiji. Amekuwa Lumumba, amekuwa mfalme wa Haiti, amekuwa mwenye kunyonya wakimbizi, amekuwa sajini wa Rwanda katika msitu wa Kivu. Hiyo ya mwisho tutaikalia zaidi, maana inatugusa.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kuna waigizaji ambao watu wanawafuata wao wenyewe. Bruce Lee ni Bruce Lee, filme ya kwanza mpaka ya mwisho. Rambo akibadilisha jina katika filme nyingine, vijana wetu wanaendelea kumwita Rambo tu. Ule hahitaji kubadilika. Tena akibadilika sana, watu wanakasirika. Kisha kuna aina ya pili: wenye kuvaa mtu mwingine. Mara nyingi hawapati nafasi ya kwanza. Wanakuja kama mwalimu, kama jirani, kama polisi, kama mfanyabiashara mwenye kuficha kitu. Wanabaki dakika kumi, wanaenda. Lakini ukitoa zile dakika kumi, filme nzima inalegea, sawa vile nyumba yenye kutolewa nguzo ya kona. Zinga ametoka katika aina hiyo ya pili, na hata siku hizi anapopewa nafasi kubwa, bado anafanya kazi kwa namna ile ile: kila mara mtu mpya.

Kabla ya sinema, Zinga alijulikana Ubelgiji kama mwanamuziki, mwimbaji wa mbele wa kikundi The Peas Project. Hiyo si habari ya pembeni. Mwenye kuimba mbele ya watu anajua pumzi, anajua kunyamaza kwa wakati wake, anajua kwamba mwili unasema kabla ya mdomo. Waigizaji wengi wa Kongo wamepitia njia hiyo hiyo. Dieudonné Kabongo, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mchekeshaji, msimulizi na mwanamuziki huko Ubelgiji kabla ya kumuona katika filme ya Raoul Peck juu ya Lumumba, ile ya mwaka 2000. Ndani yake Kabongo ni Godefroid Munongo, waziri wa Katanga. Mtu aliyezoea kuchekesha watu, pale hachekeshi hata mara moja. Wenye kuijua ile historia wanaelewa uzito wa nafasi hiyo.

Kwa Zinga, mlango mkubwa ulifunguka jukwaani. Mwaka 2013, huko Villeurbanne karibu na Lyon, Ufaransa, mwongozaji Christian Schiaretti alimpa nafasi ya Patrice Lumumba katika mchezo wa Aimé Césaire, Une saison au Congo. Césaire alikuwa mshairi na mwanasiasa wa Martinique. Mchezo huo aliutoa mwaka 1966, miaka mitano tu kisha Lumumba kuuawa. Mchezo hauanzi na waziri mkuu mwenye suti. Unaanza na Lumumba mwenye kutangaza bia mitaani Léopoldville, kazi ambayo Lumumba mwenyewe aliifanya kweli kabla ya uhuru. Kwa muigizaji, hilo ni zawadi na ni mtego pia. Lazima aanze kama mtu wa mtaani, mwenye mdomo mtamu, mwenye kuchekesha wanywaji, kisha polepole sauti ile ile ya kuuza bia igeuke kuwa sauti ya nchi. Akianza tayari ni shujaa, hana tena pa kupanda.

Na mwangalie vile mambo yanavyokutana. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika Katanga. Miaka 52 kisha hapo, mbele ya Wafaransa, mwenye kumfufua jukwaani ni mtoto aliyezaliwa Likasi, mji wa Katanga hiyo hiyo.

Mwaka 2017, Schiaretti alimrudisha Zinga jukwaani kwa mchezo mwingine wa Césaire, La Tragédie du roi Christophe. Huyu Henri Christophe aliishi kweli: alizaliwa mtumwa, akapigana vita vya uhuru wa Haiti, akajifanya mfalme mwaka 1811, akalazimisha watu wake kujenga ngome kubwa juu ya mlima, na mwaka 1820 akajiua. Mfalme mwenye kupenda watu wake mpaka akawavunja mgongo. Kwa nafasi kama hiyo, muigizaji hawezi kuchagua upande mmoja. Watu walioko kwenye viti lazima wamcheke, wamuogope, wamhurumie, yote katika usiku mmoja.

Hapa inafaa kueleza tofauti ambayo watu wengi hawaifikirii. Jukwaani, muigizaji anaanza hadithi mwanzo na kuimaliza mwisho, bila kusimama, usiku kwa usiku. Sauti yake lazima ifike mpaka kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa. Akisahau neno, hakuna wa kumwokoa isipokuwa mwenzake. Katika sinema ni kinyume. Wanarekodi vipande vipande, na mara nyingi kifo kinarekodiwa kabla ya harusi, kwa sababu tu mahali pa kifo palipatikana kwanza. Kamera iko karibu na uso kiasi kwamba kope ikitikisika inaonekana. Ule aliyezoea kupaza sauti jukwaani akileta nguvu zile zile mbele ya kamera, anaonekana kama mwendawazimu. Njo maana watu wengi wazuri wa teatre wanashindwa katika sinema, na nyota wengi wa sinema wakipanda jukwaani hawasikiki. Kuweza pande zote mbili ni ufundi wa kujifunza, na inachukua miaka.

Katika sinema, mwaka wa Zinga kujulikana ulikuwa 2014. Katika Les Rayures du zèbre ya Benoît Mariage alikuwa Yaya Koné, kijana wa Ivory Coast mwenye kucheza mpira, anayechukuliwa na mtafuta wachezaji Mbelgiji. Kwa nafasi hiyo alipata tuzo ya Magritte ya muigizaji chipukizi, tuzo kubwa ya sinema ya Wabelgiji wa lugha ya Kifaransa. Mwaka huo huo katika Qu'Allah bénisse la France alikuwa Régis, mwanamuziki Abd al Malik mwenyewe katika ujana wake, na Ufaransa wakamweka kati ya wanaogombea César ya chipukizi. Mkongomani wa Likasi: hapa ni wa Abidjan, pale ni wa Strasbourg.

Kisha zikaja zile nafasi ndogo tulizozisema. Katika Dheepan, filme ya Jacques Audiard iliyopata Palme d'Or ya Cannes mwaka 2015, mhusika mkuu ni mpiganaji wa zamani kutoka Sri Lanka anayekimbilia Ufaransa na kupewa kazi ya ulinzi na usafi katika mtaa unaotawaliwa na wauza madawa. Zinga ni Youssouf, ule anayempokea na kumweleza kazi: mlango huu, barua hizi, watu wale usiwaguse. Ni nafasi ya kueleza tu. Lakini kupitia kwa Youssouf, wewe mtazamaji unaelewa kwamba mtaa ule una sheria zake, na kwamba mtu mwema pia amejifunza kuinamisha macho. Mwaka huo huo wa 2015 alikuwa pia katika Spectre, filme ya James Bond, kama Moreau, mmoja wa watu wa lile kundi la wahalifu. Dakika chache tu. Wenye kuangalia Bond wako mamilioni duniani. Wangapi wanajua kwamba yule mwenye suti alizaliwa Likasi?

Mwaka 2022, ndugu wawili Dardenne wa Ubelgiji walimpa nafasi ya kuchukiza. Katika Tori et Lokita, watoto wawili kutoka Afrika wako Ubelgiji, wanajidai ni dada na mdogo wake ili wapate karatasi. Zinga ni Firmin, mmoja wa waliowavusha, mwenye kumfuata Lokita mpaka kanisani kumdai pesa za safari. Hapigi kelele, na hilo njo linauma. Firmin si shetani mwenye pembe; ni mtu wa kawaida anayehesabu deni lake. Familia nyingi za mkoa wetu zenye mtoto aliyepita njia hizo zinamjua Firmin wao.

Sasa tuje kwa msitu.

La Miséricorde de la jungle, tuseme "Huruma ya Msitu", ni filme ya mwaka 2018 ya Joël Karekezi, mwongozaji wa Rwanda. Hadithi iko mwaka 1998, mwanzo wa vita ya pili ya Kongo. Wanajeshi wawili wa Rwanda, Sajini Xavier na kijana Faustin, wanapotezana na kikosi chao na kubaki ndani ya msitu wa Kivu. Hawana chakula, hawana maji ya kutosha, na kila upande kuna mwenye sababu ya kuwaua. Xavier ni Marc Zinga. Faustin ni Stéphane Bak, kijana wa Ufaransa mwenye asili ya Kongo. Ndiyo, mumesoma vizuri: sare ya Rwanda imevaliwa na watu wawili wenye damu ya Kongo.

Siye wa Bunyakiri hatuhitaji mtu wa kutuhadithia 1998. Msitu unaoanza juu ya Miti, unaopita Kahuzi-Biega na kushuka mpaka Hombo, watu walilala ndani yake miezi na miezi, na watoto na mbuzi na vyungu. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia kuna filme juu ya mateso ya wanajeshi wawili wa Rwanda katika msitu huo, na kwamba mwenye kulia pale ndani ni Mkongomani, damu inaweza kupanda. "Na siye nani atatulilia?" Swali hilo ni la haki, na sitaki kulipita mbio.

Jibu la kwanza ni la kazi yenyewe. Kuvaa mtu si kumsafisha. Xavier wa Zinga si askari wa matangazo. Ni mtu aliyechoka na vita, mwenye kubeba aliyoyafanya, na msitu unamlazimisha kuyaangalia. Muigizaji angetaka tupendezwe naye, angetupa machozi mapema. Zinga anafanya kinyume: kwa muda mrefu uso wa Xavier umefungwa, anatoa amri, anatembea, anasikiliza. Ni pale nguvu za mwili zinapoisha ndipo mtu anaanza kuonekana chini ya cheo. Na ujumbe wa pale hauko wa nchi moja: vijana wanatumwa kufa ju ya mambo ambayo waliowatuma hawatayafia.

Jibu la pili linanipeleka upande mwingine. Filme inaangalia vita kwa macho ya wawili hao, na watu wa vijiji wanabaki pembeni ya hadithi. Tena haikurekodiwa huku; kamera zilifanya kazi Uganda. Lumumba ya Raoul Peck nayo ilirekodiwa Zimbabwe na Msumbiji, sababu Kongo ilikuwa katika vita. Ni kawaida ya sinema kukopa nchi ya jirani, hakuna kosa. Lakini mtu wa Bunyakiri ana haki ya kuona kwamba msitu ule si wake kabisa, na kusema wazi kwamba hadithi ya mama aliyekimbia na watoto bado inasubiri kamera yake. Hilo ni deni la wenye kutengeneza filme. Si deni la muigizaji, ambaye kazi yake ni kumfanya mtu aliyeandikwa awe mtu kweli.

Na hilo alilifanya. Mwaka 2019 kule Ouagadougou, katika FESPACO, tamasha kubwa la sinema ya Afrika lililokuwa linatimiza miaka 50, filme hiyo ilipewa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo ya juu kabisa. Zinga mwenyewe alipewa tuzo ya muigizaji bora wa kiume.

Kuna watakaosema: hayo ni mambo ya Ulaya, na siye hapa tuna nini? Tuna mengi kuliko tunavyodhani, na kwa Kiswahili. Lubumbashi ilikuwa na kikundi cha Mufwankolo, kilichosikika katika redio na kuonekana katika televisheni kwa miaka mingi, kwa Kiswahili kile cha mitaani ambacho shule inakidharau. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo Le pouvoir se mange entier, kwamba utawala unaliwa mzima, haugawanywi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliufuata mchezo huo hatua kwa hatua na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Kinachoshangaza ndani yake ni namna ya kufanya kazi: hakukuwa na maandishi ya kukariri. Wanakaa, mmoja anatoa wazo, wanabishana, wanagawa vipande na wahusika, kisha kila mmoja anatafuta maneno yake mwenyewe wakati wa mazoezi. Vikundi vyetu vya teatre shirikishi, vyenye kusimama sokoni na kuzungumzia ugomvi wa mashamba, vinafanya hivyo hivyo. Tofauti ya Mufwankolo na Zinga ni kwamba jina la mhusika lilimmeza mwenyewe. Watu walimjua Mufwankolo. Jina lake la kuzaliwa, wachache. Zinga yeye wahusika wake wanapita, hakuna hata mmoja aliyembandikia jina. Sijui ni ipi iliyo ngumu zaidi.

Filme ya mwisho ya kutajwa inarudi nyumbani. Augure ya mwaka 2023 imeongozwa na Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji na kuanza kama mwanamuziki wa rap. Kule Cannes ilipata tuzo ya sauti mpya. Ndani yake kunasikika Kifaransa, Lingala na Kiswahili. Na jina lenyewe la mwongozaji, siye hapa tunalisikia vizuri sana: mulozi, balozi, wachawi. Si ajabu basi hadithi inayoshika.

Zinga ni Koffi, Mkongomani wa Ubelgiji anayerudi kwao na mchumba wake mzungu, Alice, ambaye ana mimba. Anataka kutoa mahari na kupata baraka za wazazi. Lakini Koffi alizaliwa na doa usoni, na tangu utotoni familia inalisoma lile doa kama alama ya shetani. Njo maana alipelekwa mbali. Sasa amerudi, amemshika mtoto mchanga wa familia mikononi, na damu inamtoka puani, inamwangukia mtoto. Hakuna anayeuliza kama ni joto au uchovu wa safari. Wanampokonya mtoto, wanamkamata, wanamfanyia sherehe ya kumtoa pepo.

Kwa mkoa ambamo mzee au mtoto anaweza kufukuzwa kijijini, na mara nyingine kupoteza maisha, ju ya neno moja la uchawi, kipande hicho hakihitaji maelezo. Angalia anachokifanya Zinga pale. Hapigani, hahubiri. Mtu mzima, baba mtarajiwa, mbele ya macho yako anarudi kuwa yule mtoto aliyeambiwa ni mchafu, mabega yanashuka, macho yanatafuta mama yake katika kundi la watu. Na mama yupo pale, hasogei.